Njia ya kwenda bichi imezibwa ukuta? Pita humu (kwa sisi wa Dar)

Wakuu habari zenu. Hii naiandika kwa watu wa Msasani, Mikocheni, Kawe, Mbezi Beach, Kunduchi, Ununio, Mbweni mpaka ng'ambo Kigamboni, yaani popote ambapo usiku ukilala unasikia mawimbi ila mchana ukitaka kuyaona inabidi upande bajaji uende mbali au ulipe kiingilio hotelini.

Mimi nimekulia Mbezi Beach ya chini. Kulikuwa na kichochoro kati ya viwanja viwili, upana wake mtu na baiskeli anapishana na mwenye ndoo kichwani bila kugusana, wavuvi walipita hapo alfajiri, kina mama wa kutanda dagaa walipita hapo na khanga zao begani, na sisi watoto tukitoka madrasa moja kwa moja majini. Siku moja tukakuta geti la bati, tukaambiwa ni la mda tu kuna ujenzi unaendelea, mwaka haujaisha bati limekuwa ukuta wa tofali una seng'enge juu. Ilituchukua karibu miaka miwili njia kurudi, na mwaka mmoja mzima kati ya hiyo miwili tuliupoteza kwa kutojua pa kuanzia, ndo maana nataka mtu mwingine asiupoteze.

Kitu kimoja kiwe kichwani kabla hujaanza chochote. Ugomvi wa bichi hapa mjini mara nyingi sio ugomvi wa mchanga, ni ugomvi wa njia. Mchanga upo palepale na maji yapo palepale, kilichomezwa ni kile kichochoro cha mita mbili tatu cha kukufikisha. Watu wanaenda ofisini wanasema bahari ni ya wote, afisa anakubali kabisa, anatikisa kichwa, wanarudi nyumbani na hakuna kilichobadilika, kwa sababu hakuna mtu aliyebisha kwamba bahari ni ya wote. Ukienda ukasema njia iliyochorwa kati ya kiwanja namba fulani na namba fulani imejengewa, hapo afisa inabidi afungue ramani.

HATUA YA 1: Ijue sheria, sio yote, vipande vitatu tu

Cha kwanza ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu cha 4 kinasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na ya afya, sasa wengi wanaishia hapo hawasomi kijifungu cha pili, ambacho kinasema haki hiyo ni pamoja na raia kuweza kuyafikia maeneo ya umma ya mazingira kwa ajili ya mapumziko, elimu, afya, ibada, utamaduni na uchumi. Soma tena hiyo orodha taratibu. Mtoto anayeogelea yumo, mvuvi yumo, mwalimu anayepeleka darasa kuangalia kaa yumo, watu wa kanisa wanaobatiza baharini wamo. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo, maana miaka yote tulikuwa tunaomba kama tunaomba fadhila.

Cha pili ni kifungu cha 57 cha sheria hiyohiyo, hiki ndo cha mita 60 ambacho kila mtu amekisikia. Kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa la asili, kingo za mto au bwawa, na pia shughuli zinazoweza kuathiri hifadhi ya maeneo hayo. Waziri anaweza kutoa mwongozo wa shughuli zipi ziruhusiwe humo ndani.

Cha tatu ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Hii inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, iko chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote, kwaiyo mwenye hati amepewa haki ya kutumia kwa miaka kadhaa, iwe 33, 66 au 99, na kwa masharti. Sheria hiyohiyo inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ufukweni kwenye orodha ya ardhi hatarishi, pamoja na mikoko na matumbawe. Pia ina sehemu ya haki za njia za umma, yaani njia inaweza kuwekwa rasmi juu ya ardhi kwa ajili ya watu kupita.

Sasa hapa naomba tuelewane vizuri kwa sababu wengi wameangukia hapa. Mita 60 ni katazo la kujenga na kufanya shughuli za kudumu, haijaandikwa popote kwamba ni ruhusa ya wewe kukatiza sebuleni kwa mtu. Kuna watu wana hati zinazogusa hilo eneo, wengine wamejenga kabla hiyo sheria ya 2004 haijatungwa, wengine wana vibali, kila mmoja ana habari yake. Ukiingia na hoja ya mita 60 peke yake utazungushwa kwenye mambo ya mwaka wa ujenzi na kibali mpaka uchoke. Itumie kama mguu wa pili, mguu wa kwanza uwe njia.

Na kingine, mtandaoni kuna maandishi mengi ya Marekani kuhusu mchanga mkavu na mchanga mbichi, kwamba kule California kuanzia mstari wa wastani wa maji kujaa kwenda baharini ni mali ya umma, na jimbo la Oregon lilitunga sheria yake ya fukwe mwaka 1967. Ni kweli kwao huko. Usiibebe ukaja kumsomea mtendaji wa kata wa Kunduchi, utaonekana umetumwa, sheria yetu ina mita zake na vifungu vyake na vinatosha.

HATUA YA 2: Yasome maji kabla hujapima

Hii naiweka mapema kwa sababu kila mtu anapima mita 60 kuanzia pale alipokuta maji siku aliyoenda, halafu upande wa pili nao unapima siku yake, mnakutana kikaoni na vipimo viwili. Bahari yetu inapanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 siku za bamvua (maji makubwa), na bichi ikiwa ya tambarare hizo mita 3 za kimo zinageuka makumi ya mita za mchanga.

Nenda siku za bamvua, yaani siku moja mbili baada ya mwezi kuandama au baada ya mwezi mpevu. Hapa Dar siku hizo maji yanajaa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na alasiri, alafu yanakupwa kwenye saa nne. Wewe nenda saa kumi alasiri uone maji yamefika wapi, piga picha, weka kijiti, kisha angalia na ule mstari wa majani ya bahari na takataka ulioachwa juu, huo ndo unaonyesha maji hufika wapi kweli. Siku za maji mafu, yale yasiyopanda sana, usipime kitu. Kama unaweza kusubiri bamvua la mwezi wa tatu au wa tisa subiri, ndo maji makubwa kuliko yote. Mzee yeyote wa mtumbwi atakwambia tarehe bila kuangalia simu, mpe shikamoo yake muulize.

Ukishapata mstari, pima kwa tepu ya fundi, ile ya mita 30 au 50, mkiwa watu watatu, mmoja anashika mwanzo, mmoja mwisho, mmoja anapiga picha namba inavyosomeka. Kwa hatua za miguu ni kama 80 za mtu mzima ila hatua usiziandike kwenye barua, ni za kujiridhisha tu.

HATUA YA 3: Kusanya ushahidi kwamba njia ilikuwepo

Hapa tumia mda wako mwingi. Ukuta ukishasimama miaka mitano kila mgeni anaamini umekuwepo tangu dunia iumbwe.

Fungua Google Earth kwenye kompyuta, sio kwenye simu, pale juu kuna alama ya saa, ukiibonyeza inakurudisha kwenye picha za satelaiti za miaka ya nyuma. Sisi tulikiona kichochoro chetu cheupeee kinatoka barabarani mpaka mchangani, mwaka hadi mwaka, halafu ghafla kinakatika. Toa picha ya kila mwaka unaoonekana vizuri, ziprinti, ziandike tarehe. Nilikuwa na wazee wangu pale sebuleni tunaangalia, mama mmoja akaweka kidole kwenye skrini akasema huu mkungu ndo tulikuwa tunakaa chini yake kusubiri maji yatoke. Mti haupo tena ila kwenye picha upo.

Alafu tafuta watu. Wavuvi wa zamani, wenye magenge, mwalimu wa madrasa, fundi boti, watu waliopita hiyo njia kabla ya ukuta. Kila mmoja aandike kwa mkono wake au aandikiwe na asaini, jina, umri, anakaa mtaa gani tangu lini, alikuwa anapita wapi kwenda kufanya nini, iliziba lini. Ukurasa mmoja unatosha. Usiwafundishe maneno, ukikuta maelezo kumi yanafanana neno kwa neno hata wewe mwenyewe hutayaamini.

Tafuta na picha za harusi, za sikukuu ya Idi, za Pasaka, watu walipiga picha sana wakiwa njiani kwenda bichi. Angalia nyuma ya watu, sio watu wenyewe.

Tahadhari moja, ukipiga picha mpya usielekeze simu kwenye maeneo ya jeshi au ya serikali. Kigamboni kuna wanamaji, Magogoni kuna Ikulu, na Oysterbay na Msasani kuna makazi ya mabalozi kila kona. Utajikuta unaeleza habari nyingine kabisa na njia imesahaulika.

HATUA YA 4: Anzia mtaani, hata kama unaona wanachelewesha

Najua mtu anataka aruke moja kwa moja kwa mkuu wa wilaya au aite waandishi. Usifanye hivyo, kila ofisi ya juu swali lake la kwanza ni hilohilo, mtaani mmeshaenda? Nenda kwa mjumbe, kisha mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa mtaa, omba suala liingie kwenye mkutano wa wananchi. Mkutano ukifanyika hakikisheni kuna muhtasari wenye ajenda, mahudhurio yenye saini, na azimio. Azimio liwe sentensi moja inayoeleweka, mfano "wananchi wameomba njia ya miguu iliyokuwa kati ya kiwanja fulani na fulani ifunguliwe". Msiweke na habari za taka, kelele za mziki na maji ya mfereji humohumo, hata kama yote ni kweli. Kila jambo na karatasi yake.

Mwalikeni na mwenye kiwanja, kwa barua, na atie saini kwamba amepokea. Sisi hatukumwalika mara ya kwanza tukiamini hatakuja, kumbe baadae ndo ikawa hoja yake kubwa kwamba hakusikilizwa. Tukarudia mkutano upya, miezi minne ikapotea hapo. Na alipokuja, kwa kweli aliongea vizuri tu, akasema wakati ananunua kiwanja aliambiwa na dalali kwamba mpaka unafika pale ukuta ulipo. Inawezekana alidanganywa na yeye, sijui moyo wa mtu, ila tangu siku ile tuliacha kumuita mwizi na mambo yakaanza kwenda.

HATUA YA 5: Ramani, hapa ndo kesi inashinda au kushindwa

Kuna karatasi tatu tofauti na watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni mchoro wa mipangomiji, huu unaonyesha eneo zima, viwanja, barabara, njia za miguu, maeneo ya wazi. Unapatikana idara ya mipangomiji ya manispaa yako, Kinondoni kwa upande wa Msasani mpaka Mbweni, Kigamboni kwa upande wa ng'ambo. Ya pili ni ramani ya upimaji, hii ina vipimo vyenyewe na namba za bikoni (alama za mpaka) kila kona ya kiwanja. Ya tatu ni hati ya mwenye kiwanja na kumbukumbu zake kwa Msajili wa Hati, ambapo mtu yeyote anaweza kuomba upekuzi kwa kulipia ada, huhitaji kuwa ndugu wala mwanasheria, unapeleka namba ya hati au namba ya kiwanja na kitalu, unapewa taarifa nani amesajiliwa, ukubwa gani, mda gani.

Unachotafuta ni kitu kimoja, upana wa mwanya kati ya viwanja viwili. Chukua ramani ya upimaji, angalia kona ya kiwanja cha kushoto na kona ya kiwanja cha kulia, kama bikoni zao ni tofauti na kati yake kuna nafasi, hiyo nafasi ni ya nani? Mara nyingi ndo njia yenyewe. Kama viwanja viwili vinatumia bikoni moja hapo katikati, basi kwenye karatasi njia haipo, na inabidi ubadilishe hoja, utaomba njia iwekwe upya badala ya kudai ifunguliwe, ni barabara ndefu zaidi ila ipo.

Sisi mwanya ulikuwepo, mita 3. Nakumbuka kijana wa mipangomiji aliweka rula, akainua macho akatuangalia, akaweka tena rula. Hatukushangilia pale ofisini ila tukifika kwenye ngazi mama mmoja alikaa chini akalia.

Ukizungushwa kupata kopi, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, andika ombi la maandishi ukitaja hiyo sheria, wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Usiende na maneno mdomoni, nenda na karatasi mbili, moja wanabaki nayo, moja wanakugongea muhuri wa kupokea na tarehe. Hiyo yenye muhuri ndo mali yako.

Ukishajua mwanya upo, omba manispaa imtume mpima aje kufufua bikoni, yaani kuzitafuta na kuonyesha kwenye ardhi kabisa zilipo. Kuna gharama, changeni mapema, na risiti iwe ya serikali, hakuna cha kumpa mtu mkononi. Siku ya kufufua muwepo wengi ila mkae kimya, mwenyekiti wa mtaa awepo, mwenye kiwanja awepo.

HATUA YA 6: Barua

Fupi, ukurasa mmoja, viambatisho nyuma. Nawapa mfano wetu, badilisheni:

"Mkurugenzi wa Manispaa ya ......
Kupitia: Mtendaji wa Kata ......, Mtendaji wa Mtaa ......

YAH: OMBI LA KUFUNGULIWA NJIA YA MIGUU KATI YA KIWANJA NA. ... NA KIWANJA NA. ... KITALU ..., MTAA WA ......

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wakazi wa mtaa tajwa tunaleta ombi la kufunguliwa njia ya miguu inayoonekana kwenye ramani ya upimaji namba ......, yenye upana wa mita ..., iliyokuwa ikitumiwa na wananchi kufika ufukweni mpaka mwezi ... mwaka ..., ilipozibwa kwa ukuta.

Njia hiyo ndiyo pekee iliyo karibu. Njia nyingine ya wazi iko umbali wa kilomita... Tunarejea kifungu cha 4 na cha 57 vya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Tunaomba: moja, maofisa wafike eneo la tukio, mbili, mwenye kiwanja apewe notisi ya kuondoa kizuizi, tatu, tujulishwe kwa maandishi hatua iliyochukuliwa.

Tumeambatisha muhtasari wa mkutano, ramani, picha na maelezo ya mashahidi."

Nakala kwa diwani, kwa mkuu wa wilaya, na kwa ofisi ya kanda ya NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira. Ile sentensi ya kilomita msiiache, pimeni kweli kwa bodaboda, kwa sababu afisa anayekaa mbali na bahari hajui kwamba mvuvi anabeba injini begani mwendo huo. Majina ya wawakilishi yawe matatu au matano na namba za simu, mkiweka watu 200 hakuna anayepigiwa.

Mkipeleka, kitabu cha dispachi kisainiwe. Baada ya wiki tatu nendeni kuulizia, baada ya mwezi andikeni kumbusho linalotaja tarehe ya barua ya kwanza. Sisi tuliandika makumbusho manne. La nne ndo lilijibiwa.

HATUA YA 7: Ikikwama

NEMC wanahusika pale kuna ujenzi ndani ya mita 60, ukuta uliosogezwa baharini, kifusi kinachomwagwa ufukweni, au mradi mpya. Kama ni mikoko inakatwa, hao ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, mikoko yote inalindwa na haikatwi bila kibali. Hoteli au majengo makubwa yanapoanza kujengwa, kunatakiwa tathmini ya athari kwa mazingira na wananchi wanatakiwa kusikilizwa, hapo ndo pa kusema "na njia yetu iko wapi kwenye mchoro wenu?" kabla tofali la kwanza halijawekwa. Vilevile ukiona bango la kuomba kubadili matumizi ya kiwanja limesimikwa, usilipite tu, soma tarehe ya mwisho ya pingamizi, piga picha, peleka mtaani siku hiyohiyo.

Mahakama ni ya mwisho. Sheria ya Mazingira kifungu cha 5 inakuruhusu kufungua shauri kutetea hiyo haki ya kifungu cha 4. Kama unaishitaki serikali au halmashauri kuna notisi ya siku 90 kwanza, usiiruke kesi itatupwa nje. Kwa wasio na hela ya wakili, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanatoa msaada wa kisheria hapa Dar, na kuna wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya msaada wa kisheria ya 2017. Anayewaambia wananchi wa kawaida hawashindi, mkumbushe wakazi wa Tabata, kesi ya mwaka 1988, waliishitaki halmashauri ya jiji kwa dampo la taka na Mahakama Kuu ikasimama nao.

WAKATI UNASUBIRI, UNAPITAJE?

Pita pale palipo wazi kisha tembea na ufukwe. Maji yakikupwa unaweza kutoka kwenye njia ya wazi ya jirani ukatembea chini ya kuta mpaka unapokwenda. Ila angalia saa, sehemu nyingine ukuta umeshuka mpaka majini, maji yakirudi huna pa kupandia, na yanarudi haraka siku za bamvua. Ukiwa na watoto geuka mapema.

Mlinzi akikusimamisha mchangani usimtukane, yule kaka ameajiriwa na pengine kwao ni Singida hajui hata njia ilikuwa wapi. Mimi huwa nasema hivi: "Habari za kazi kaka. Napita tu na ufukwe, siingii kwenye eneo la bosi wako. Kama kuna katazo la maandishi naomba nilione." Akisema hapana mara ya pili, narudi, naandika tarehe na saa na alichosema, inaingia kwenye faili. Kubishana naye saa nzima hakujawahi kufungua geti.

Usibomoe. Narudia, usiguse hata tofali moja hata kama ramani unayo mkononi na mita 3 zako zipo, kuna kosa la kuharibu mali na kosa la kuingia kwenye eneo la mtu kijinai, na mkishakuwa washitakiwa yule aliyeziba anakuwa mlalamikaji. Vijana wetu waliwahi kutaka kwenda na nyundo usiku, wazee wakalala pale nje ya ukuta mpaka asubuhi kuwazuia. Nawashukuru mpaka leo.

Kuhusu kiingilio cha hoteli, ukilipa unalipia kupita kwao, viti vyao, choo na bwawa lao, hiyo ni biashara yao. Kama unataka tu Jumapili uoge bahari, Coco Beach pale Oysterbay ipo wazi, na pale Aga Khan, Barack Obama Drive. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni habari nyingine, hivyo ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, ada unayolipa kule ni ya hifadhi.

HATUA YA 8: Ikifunguka, isizibe tena

Njia isiyopitwa huwa inarudi kuwa ya mtu. Tulipofunguliwa tulikubaliana na mwenye kiwanja vitu kwa maandishi mbele ya mtendaji, kwamba hakuna pikipiki, hakuna mziki, hakuna kujisaidia ukutani kwake, na biashara zisipangwe humo ndani ya njia. Yeye akaweka taa upande wake bila kuombwa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ile siku ya usafi, tunaanzia hapo kwenye njia ndo tunaenda kwingine. Tuliomba manispaa kibao cha "Njia ya Umma", mpaka kipatikane tumeandika cha mbao.

Faili lina kopi tatu, moja kwa mvuvi, moja kwa mama wa genge pale mdomoni mwa njia, moja ofisi ya mtaa. Uongozi wa mtaa unachaguliwa kila miaka mitano na wapya wanakuja hawajui kitu, kwaiyo kila mwenyekiti akiapishwa tunamuomba nusu saa tu, tunamtembeza kwa miguu kuanzia barabarani mpaka kwenye maji, tunamuonyesha bikoni zote nne kwa mkono, na anasaini kwenye faili kwamba ameziona.